Ndege ya Jumamosi

Alichosema Erica kwenye simu ni hiki: "Mama, Jumamosi tunapanda mlima kwenda kuangalia ndege." Kilichofika kwa mama yake kule Mkonze, kwa mtandao ule wa kukatikakatika, ni "Jumamosi tunapanda… ndege." Basi! Anastazia alitupia kitenge begani, akatoka mpaka uani kwa jirani yake Cecilia, akapiga kigelegele ambacho hakikuwa kimetoka kooni mwake tangu azike mume.

Na nani amlaumu, jamani? Huyu ni Mgogo wa Gulwe, utoto wake wote ulikwisha juu ya dungu, ulingo wa shambani, akiamia ndege wasimalize uwele wa baba yake, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Leo umwambie kuna watu wazima, na akili zao, wanakodi kiongozi awapandishe mlima wenye theluji ili wawatazame ndege tu, kisha washuke! Hata angelisikia neno zima angeuliza mara mbili.

Tatizo lilikuwa macho. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kulila jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa limebakiza kijidirisha. Daktari hakumficha. "Mama, kilichopotea ndiyo kimepotea," alimwambia. "Tunajaribu kukilinda hiki kilichobaki." Anastazia alilia njia nzima, na hakuwa akiyalilia macho. Alikuwa akiulilia uso wa Erica, mwanawe wa kwanza, aliyekwenda Uswisi kutunza wazee wa watu miaka minane iliyopita, na ambaye hata baba yake alipozikwa alilia na mama yake kwa simu tu.

"Nataka nimwone mwanangu kabla giza halijanifunga," alimwambia Lydia, mke wa mwanawe Denis aliyekuwa dereva kule Mtumba. "Lakini ole wako umwambie naumwa. Ataacha kazi aje mbio, maisha yake yaharibike, halafu lawama zote kwangu. Aje kwa kupenda." Lydia aliitikia, ingawa moyo ulimuuma.

Wiki ile mama wa watu alirudi usichana. Alisukwa nywele. Alikipaka chokaa chumba cha mbele kwa mkono wake mwenyewe, akipapasa ukuta kwa kiganja kujua alipofika. Alitandika shuka jipya, akalitandua, akalitandika tena. Lydia aliposema wapige simu waulize ndege inatua saa ngapi, mama mkwe alikuja juu.

"We Lydia! Mtu anataka kunishtukiza, wewe unataka kumharibia?"

"Lakini mama, hakusema kwamba—"

"Kasema anapanda. Mimi mgonjwa wa macho, masikio yangu mazima."

Jumamosi jogoo akachinjwa. Mlenda ukapikwa, ugali wa uwele ukasongwa, na wanawake wa kanisani wakajaa uani na Cecilia wao, wanacheka, wanajaribu sauti za kumpokea mgeni. Alasiri simu ikaita, ile ya kuonana. Lydia alikuwa chumbani na mama mkwe wake. Akaipokea, akatazama, akaganda. Nyuma ya Erica kulikuwa na majabali na theluji, na watu wenye darubini shingoni.

"Shikamoo mama," Erica alinong'ona.

"Marahaba mwanangu! Imeshatua?"

"Ametua, mama! Nani kakwambia? Ametua juu ya mwamba, pale mbele yetu." Alikuwa anahema. "Nanong'ona kwa sababu kiongozi wetu hataki kelele, ataruka. Ni tai mwenye ndevu. Huku walikuwa wamekwisha kabisa, wakaletwa upya. Kazini ndio wametupa zawadi ya safari hii. Nimepanda mpaka pumzi zimeniishia, lakini nimemwona, mama!"

Neno lilimwingia Anastazia polepole, na lilipomaliza kumwingia akaketi kwenye shuka jipya. Alitamani kumkaripia, akashindwa, maana mtoto alikuwa na furaha.

"Ngoja nikuonyeshe." Picha ikageuka. "Umemwona?"

"Nimemwona. Mkubwa kweli."

Lydia hakuvumilia. "Wifi, sikiliza, mama ana—"

Anastazia aliudaka mkono wake, akaubana kwa nguvu mpaka Lydia akanyamaza, machozi yanamtoka.

"Na mimi je, mama?" Erica aliuleta uso wake karibu. "Niangalie vizuri. Nimezeeka?"

Mama aliisogeza simu mpaka ikamgusa pua. Akaipeleka upande wa kulia, kwenye kile kijidirisha, akaihamisha kidogo, akaihamisha tena. Theluji ilikuwa mwanga mtupu. Katikati yake palikuwa na kivuli kinachotikisika, na kingeweza kuwa cha mtu yeyote.

"Hujabadilika, mwanangu," alisema. "Ni wewe yule yule."

Erica akacheka, akaaga, kiongozi alikuwa anawaita. Cecilia akachungulia mlangoni, kijiko cha kupakulia mkononi. "Mama Erica, chakula kinapoa. Mgeni kasema anafika saa ngapi?"

Anastazia alifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Pakueni tu, wenzangu," alisema. "Msimngoje."