Mlango wa Jiko Wahama Kiranjeranje

"Mimi na ndoo yangu kichwani nipite katikati ya wanaume wanaocheza bao?" Bi Mwanahija anauliza, mkono kiunoni, ndani ya nyumba isiyo na paa. "Fundi, umenijengea nyumba au kijiwe?"

Ni saa mbili asubuhi, Kiranjeranje, wilayani Kilwa. Fundi Benadetha Chilumba (43) anautazama mlango wa jiko. Kweli, unafungukia barazani. Anamgeukia Yasini, mtoto mkubwa wa Bi Mwanahija.

"Kaka Yasini, mlango huu aliutaka nani?"

"Mimi. Ili chai itufikie ingali ya moto."

Benadetha, mzaliwa wa Newala, hujenga nyumba za mbao za mninga kutoka msitu wa kijiji. Nyumba moja humpa shilingi laki saba kwa mwezi na nusu wa kazi.

"Kamati ya msitu inatoa miti minne kwa nyumba," anasema. "Ukiharibu ubao, huna wa kurudishia."

Ndiyo maana kabla ya kukata huchora nyumba chini kwa majivu, kwa vipimo kamili. Mwenye nyumba hushinda humo kutwa: anatandika mkeka, anainjika chungu, anaingia na kutoka. Panapomkera, majivu yanafagiliwa, panachorwa upya.

Siku ya majivu, Bi Mwanahija alikuwa matangani Kinjumbi. Yasini akashinda badala yake. Alilala chumbani, akakaa barazani, akaridhika. Jikoni hakutia mguu.

"Kosa ni langu," anasema Benadetha. "Miaka ishirini nimechonga makabati. Kabati halina mpishi. Nyumba nina mwaka wa tatu tu."

Yasini anashauri utobolewe mlango mwingine nyuma, huu uzibwe.

"Kwa ubao gani?" anauliza fundi.

Benadetha anapima kwa kamba ukuta wa jiko wa mbele, kisha wa nyuma usio na mlango. Urefu ni mmoja. Na kuta zake hazina misumari. Zinashikwa kwa vigingi vya mbao.

"Tunazibadilishana, wa mbele uende nyuma," anasema, na nyundo imeshagonga kigingi cha kwanza.

Majirani wanane wanaitwa. Yasini anapewa pembe nzito ya ukuta.

"Inua, mpenda chai," mama yake anamwambia. Wanaobeba wanacheka hadi ukuta unayumba.

Kabla ya adhuhuri mlango unatazama uani. Bi Mwanahija anajitwika ndoo iliyojaa, anapita nyuma, anaingia jikoni, anaitua. Barazani hakuna aliyemwona.

"Hapo sawa, fundi mwanangu. Ezeka."

Benadetha anataka kumaliza nyumba sita kabla ya masika. Inayofuata ni ya Issa na mkewe Naima, hapo jirani. Majivu yake yalichorwa jana, na aliyeshinda humo ni Issa peke yake.

"Kuanzia leo anayepika ndiye anayeshinda kwenye majivu," anasema.

Anaazima ufagio wa Bi Mwanahija, anavuka njia, na Issa akiwa bado amekaa "sebuleni" kwake, anaifagia nyumba nzima.

"Inuka, shemeji," anamwambia. "Kamwite Naima. Aje na chungu."