Kazi ya Yeremia Ilikuwa Nini?

Ndugu zangu mnaofuatilia ukurasa huu kwa ajili ya picha za mageti, leo hakuna geti. Yeremia, niliyechomelea naye vyuma hapa Kasulu miaka kumi na moja, tumemzika jana. Jumatatu kifua kilimbana, Jumatano hayupo. Bado nangoja mtu anipigie aseme walikosea jina.

Na nisiwadanganye, naandika nikiwa nimemkasirikia pia. Huyu mtu amenisumbua!

Siku anapewa cheti cha uraia (wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa kambini kule Kibondo), afisa alimuuliza kwa adabu kama ana swali. Hilo ndilo lilikuwa kosa. "Mheshimiwa, asubuhi nimeamka mkimbizi, sasa hivi ni raia. Nimebadilika saa ngapi hasa? Na mbona sikusikia kitu?" Nyuma yake foleni ya watu arobaini. Afisa akaweka kalamu chini, akaanza kufikiri. Foleni ikachafuka.

Kijijini Titye tulipeleka mlango kwa mama mmoja. Yeremia akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. "Mama, mlango ukiachwa wazi siku nzima, bado ni mlango?"

"Mana wee! Ukiachwa wazi mbuzi wanaingia! Fundi, huyu umemtoa wapi?"

Nikasema simjui, tumekutana njiani.

Ya Kibondo ndiyo iliyonimaliza. Madirisha ishirini na mawili ya kanisa, deadline Ijumaa, yamebaki tisa. Jua likapenya kwenye tundu la dirisha, jamaa akaacha grenda anatazama ule mwanga.

"Bosi, hili vumbi lilikuwepo kabla mwanga haujaingia?"

"Lilikuwepo. Shika grenda."

"Ulilionaje?"

Nikachemka. "Yeremia, wewe ni mwanafalsafa!" Nililisema kama mtu anavyosema mwizi. Jina likaganda. Tangu siku hiyo nikawa namwita hivyo mbele ya wateja ili wacheke, na walicheka sana.

Sasa juzi, kwenye kikao cha mazishi, nikapewa mimi kuandika wasifu wa marehemu. Jina, sawa. Watoto watatu, sawa. Kazi? Hapo tukakwama dakika arobaini.

Kaka yake akasema, "Andika mkulima." Jamani! Yeremia na jembe walikuwa wanajuana kwa mbali tu.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akasema, "Fundi msaidizi."

Mjane, Mama Neema, akaongea kutoka kwenye mkeka: "Andikeni alichokuwa akiitwa."

Mwalimu akatabasamu. "Mama, falsafa inasomewa chuo kikuu. Marehemu aliishia darasa la saba."

Sijui nilipatwa na nini, nikajikuta nimesimama. "Mwalimu, twende kwa hesabu. Maswali tisa kwa siku, kila moja dakika sita, hizo ni dakika hamsini na nne. Siku sita kwa wiki, wiki hamsini kwa mwaka, miaka kumi na moja. Unapata saa elfu mbili mia tisa na sabini. Kwa siku ya kazi ya saa tisa, ni siku mia tatu na thelathini mtu amesimama anashangaa! Shahidi ni mimi, maana grenda nilishika mimi. Chuo gani kina mahudhurio hayo?"

"Na majibu alipata mangapi?"

"Hata moja. Lakini lile vumbi tuliliona wote, Mwalimu. Aliyesimama ni yeye."

Mama Neema akaniangalia. "Shemeji, ulikuwa unamwita hivyo kwa wema?"

Mimi mtu wa vipimo, siwezi kusema futi saba wakati ni sita.

"Hapana, shemeji. Kwa ubaya."

"Alijua," akasema. "Alikuwa anafika nyumbani anacheka, ananiambia leo bosi kaniita tena."

Nilishindwa kukaa, nikashindwa kuendelea kusimama. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisogezea kalamu. Nikaandika.

Msalaba nimeuchomelea kwa mkono wangu. Kipimo chetu cha siku zote ni mkono wa sentimita sitini, unabeba herufi tisa. MWANAFALSAFA ni kumi na mbili. Mwandika rangi akashauri tuweke FUNDI, inakaa vizuri na nafasi inabaki. Mnanijua, mimi chuma sipotezi hata cha kidole. Nikakata sentimita themanini.

Makaburini kaka yake kalalamika kwamba mkono wa msalaba unaingia kwa jirani. Uingie.

Lala taratibu, mwanafalsafa. Leo sikuharakishi.