Sahihi Niliyotia Asubuhi

Ipo siku ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu, na tangu uliponiambia keshokutwa utakuwa wakala wa mgombea kituoni, sijalala vizuri. Leo chai imekaukia jikoni mara mbili. Basi kaa nikueleze, maana hata kama sikukuzaa mimi, nikinyamaza nitakuwa nimekusukuma mwenyewe kwenye shimo nililotumbukia.

Nilikuwa msichana wa umri wako, nakaa Buzebazeba kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Kule Katubuka, si mbali na kwetu, alikuwepo Mwalimu Ruhaga, mstaafu mwembamba wa baiskeli. Vyama vingi viliporudi, wengi tulinong'ona tu. Yeye alisimama sokoni Ujiji mchana kweupe akasema diwani ni mtumishi, aulizwe maswali na ajibu. Mikutano yake ikazuiwa. Aliitwa kuhojiwa mara nyingi hata mkewe akazoea kumwekea sweta ya kulalia mahabusu tayari mlangoni. Alipogombea udiwani alinichagua mimi nimlindie kura kituoni. Nilivimba kichwa, usiseme!

Kumbe msimamizi wa kituo chetu ni mama mkubwa mwenyewe. Asubuhi ya uchaguzi nikampigia goti kama kawaida, nikampa shikamoo yake. Kabla hata mtu wa kwanza hajapiga kura, akanisogezea fomu ya matokeo, tupu kabisa, akasema nitie sahihi mapema kwa sababu jioni tutakuwa hoi. Mawakala wengine walishatia. Nilijua haifai. Tulifundishwa kwamba wakala anatia sahihi baada ya kura kuhesabiwa, halafu anaondoka na nakala yake. Lakini huyu ndiye aliyeniogesha nikiwa mdogo, leo nimwambie simwamini, tena mbele za watu? Wangesema nimekosa adabu. Nikatia.

Jioni tulihesabu, na kwa masikio yangu nilisikia Mwalimu anaongoza kwa mbali. Kesho yake matokeo yaliyobandikwa kituoni yakampa mpinzani wake ushindi, na chini kabisa ipo sahihi yangu, imenyooka vizuri. Mwalimu akaenda mahakamani. Niliitwa kutoa ushahidi, wakili akanionyesha ile karatasi akauliza kama sahihi ni yangu. Kusema niliitia kwenye karatasi tupu ni kumtaja mama mkubwa. Nikasema ni yangu. Kesi ikaishia hapo. Nani alijaza zile namba sijui mpaka leo, na mama mkubwa ameingia kaburini hajanieleza.

Wiki ile Mwalimu alikuja nyumbani. Nilijificha jikoni, akanifuata huko huko, akavuta kigoda akaketi. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

"Ungeniuza kwa sababu ya njaa ningekuelewa," alisema. "Wewe umetoa kura za watu kwa kuona haya. Hazikuwa zangu zile, wala zako. Uchaguzi ujao utakaa wewe tena, kituo kile kile."

Miaka mitano niliingoja siku hiyo. Ikafika. Kituo kile kile, mama mkubwa yule yule, na fomu tupu asubuhi.

"Mama mkubwa, nitatia jioni."

"Mimi ndiye unanifanyia hivi?"

Nikasema ndiyo. Nikamrudishia fomu yake. Siku nzima sikula, niliogopa hata kwenda chooni. Jioni kura zikahesabiwa mbele ya macho yangu, zikaandikwa, ndipo nikatia sahihi, nikaifunga nakala kwenye pindo la kanga nikampelekea Mwalimu. Nakala za vituo vingine zilikuwa zimeshamfikia, na alikuwa ameshindwa, mwanangu. Kidogo tu, lakini ameshindwa. Akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Safari hii nimeshindwa kweli." Akapanda baiskeli kwenda kumpa mkono mshindi.

Hakupata udiwani mpaka anakufa. Wapo wanaosema alipoteza maisha yake bure. Mimi nasema waende sokoni Ujiji wamwone mama muuza dagaa anavyomsimamisha diwani amuulize habari za mtaro, na diwani anasimama. Zamani nani angethubutu?

Mama mkubwa alininunia miaka miwili. Nyumba moja, chungu kimoja, haniongeleshi. Iliniuma sana, sikufichi. Ndiyo maana nina wasiwasi, kwa sababu nimesikia msimamizi wako keshokutwa ni baba yako mdogo, na wewe ni mtoto mwenye heshima zako.

Basi mheshimu. Mwamkie, mpishe kiti, mpelekee maji. Fomu tupu usiiguse. Akikasirika, mwache akasirike. Akikuita huna adabu, nyamaza ukae hapo hapo mpaka kura ya mwisho ihesabiwe. Na ukinuniwa nyumbani kwenu, njoo kwangu, kitanda kipo.

Mungu akulinde, mwanangu. Aufanye mkono wako uwe mzito asubuhi, auchangamshe jioni, na anipe na mimi usingizi mpaka nikuone umerudi.