Tulivyoimba Peku Kasulu

Kwaya yetu ya wanaume ilipoalikwa kwenye tamasha la kwaya Kasulu, katikati ya miaka ya tisini, mimi nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, na baba mkwe ambaye alikuwa hajawahi kunitazama usoni.

Hatukuwa tumegombana. Kwetu Kibondo mkwe na baba mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Hamli sahani moja, hamgusani, mkikutana kwenye njia nyembamba kijana anaingia majanini mzee apite. Hayo niliyajua na niliyafuata. Lakini mzee huyu alikuwa amezidisha. Nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo baba," naye anaijibu barabara: "Marahaba." Kisha anaondoka.

"Baba hana ubaya na wewe," mke wangu aliniambia. "Ni kwamba hajui kwenu."

Kwetu kwa asili kulikuwa ng'ambo. Wazazi wangu walivuka mpaka upande wa Mabamba wakikimbia mauaji ya Burundi, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Sikumbuki hata kilima kimoja cha huko. Nilikulia Kibondo, nikasoma Kibondo, nikalima maharage Kibondo. Ila mzee alikuwa mfugaji wa nyuki, mtu aliyejua ukoo wa kila nyumba kuanzia kwake mpaka kwenye mizinga yake porini, na mtu ambaye hajui babu yake alizikwa wapi alikuwa mtu wa kuangaliwa kwanza.

Shida ni kwamba sote wawili tuliimba besi. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alifundisha shule ya msingi, alitupanga bega kwa bega mstari wa nyuma, maana sauti ya nne tulikuwa wachache na sisi ndio tuliokuwa na uzito. Basi tukaimba mwaka mzima tumeachiana nafasi ya kupita mbuzi.

"Sogeeni!" mwalimu alikuwa akifoka. "Hilo pengo huko nyuma mnamwachia nani?"

Wenzetu walicheka chinichini. Mzee alisogea nusu hatua, kwenda upande wa pili.

Wimbo wetu wa tamasha mwalimu aliutunga juu ya mahadhi ya zamani ya Kiha, yale ya watu wanaotoka shambani na mavuno. Aliyatilia maneno ya shukrani, akayagawa kwa sauti nne, na mwishoni akaweka vishindo vya miguu. Tulifanya mazoezi nyuma ya kanisa kila jioni tukitoka kulima, harufu ya udongo bado mikononi. Sare ilikuwa shati jeupe na suruali nyeusi, na kwa viatu mwalimu hakutaka mchezo.

"Viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba," alisema. "Majaji wa mjini wanaanza kukuangalia chini kabla hawajakusikiliza."

Tuliondoka alfajiri juu ya lori la mfanyabiashara wa maharage, tumekaa kwenye magunia, sare zetu zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya turubai, viatu tu vikiwa miguuni. Ilikuwa masika. Vilima vilikuwa kijani, ukungu umelala mabondeni, na barabara ilikuwa tope jekundu tupu. Tuliimba tangu Kibondo mjini. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua majembe kutupungia, na kila kijiji tulichopita watoto walitukimbiza. Mzee alikaa mbele kabisa, karibu na kibanda cha dereva. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikining'iniza miguu.

Kwenye mteremko wa kushukia mto Malagarasi lori likateleza, tairi la nyuma likazama. Utingo akashuka, akaangalia, akashika kiuno.

"Wazee wa kwaya," alisema, "leo mtaimba na mikono."

Tukashuka wote. Mwalimu alisimama pembeni akahesabu kama anaanzisha wimbo, nasi tukasukuma kwa mapigo ya wimbo wetu wenyewe, kila kishindo msukumo mmoja. Kwa vile mwalimu alitutaka kila sauti ishike mahali pake hata hapo, nilijikuta bega kwa bega na baba mkwe kwenye kona ya kushoto, tope likitufika kwenye vifundo vya miguu. Lori lilitikisika, likapanda kidogo, likarudi. Tukasukuma tena. Safari hiyo liliruka mbele ghafla, mzee akakosa pa kuegemea. Nilimwona anakwenda kifudifudi. Sikufikiri, nilimdaka kiunoni kwa mikono yote miwili, tukaanguka pamoja, mimi chini yeye juu, chapwi.

Wenzetu wakageuka kututazama. Hata utingo, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alielewa kwamba kuna jambo limetokea. Nilikuwa nimemkumbatia baba mkwe wangu hadharani, kwenye tope, mbele ya kwaya nzima. Nilitamani mto uje unichukue.

Mzee aliketi. Alifuta macho kwa kiganja, akayazidishia tope. Akanitazama, mara ya kwanza tangu nioe, kisha mabega yake yakaanza kucheza. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mukwe wanje," alisema kwa Kiha, mkwe wangu, "hata kuanguka tunaanguka sauti moja?"

Barabara nzima ililipuka kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kwa kuogopa kwanza, halafu kwa raha, na nilimshika mzee mkono nikamwinua, naye hakuukataa.

Aliposimama ndipo tulipoona kwamba ana kiatu kimoja. Kile kingine kilikuwa kimemezwa. Tulichimba kwa mikono, kwa jembe la dereva, kwa mti. Tope lile halikurudisha kitu. Mzee alikivua kilichobaki, akakiangalia, akakitupa mtoni.

"Nitasimama nyuma," alisema. "Hawataniona."

Kasulu tulipokelewa na akina mama wa kanisa, wakatulaza kwenye madarasa juu ya mikeka. Kesho yake uwanja ulijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na kwaya kutoka Titye iliyokuja na ngoma kubwa, kwaya za mjini zenye magitaa, na kwaya ya wakimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Mtabila, akina mama wengi wamevaa vitenge vya aina moja. Wauzaji wa chai na maandazi walizunguka, na mwenye duka mmoja Mwislamu, aliyefungua duka lake ng'ambo ya barabara, aliweka benchi nje akasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho.

Zamu yetu ilipokaribia tulijipanga nyuma ya turubai. Mashati meupe yalikuwa yamenyooka, suruali zina mikunjo ya pasi. Nikaangalia chini. Safu nzima ya viatu vilivyong'arishwa, na katikati yake miguu ya mzee, mipana, yenye nyufa za kutembelea porini. Alikuwa amevuta suruali chini ili aifiche. Haikufichika.

Nikainama nikafungua kamba zangu.

"Unafanya nini?" mwalimu alinong'ona.

"Besi tunaimba peku, mwalimu."

Mzee alinikodolea macho. "Vaa viatu, wewe."

"Baba, nisamehe. Hili sitakutii."

Jirani yangu wa sauti ya tatu akaangalia, akainama naye. Kisha mwingine. Mwalimu alishika kichwa, akatazama mbinguni, na aliposhusha macho viatu vyote vilikuwa vimerundikwa kando ya nguzo. Akatukana kidogo, tusi la mtu wa kanisa, akavua vyake.

Tulipopanda kwenye jukwaa la mbao, watu walicheka. Kisha mwalimu akatoa sauti, tukaanza, kicheko kikakatika. Sijui kuimba kwa namna ya siku ile nilikutoa wapi. Hapakuwa na pengo. Bega la mzee lilikuwa juu ya bega langu, na besi yake ilinitetemesha mbavu kama mzinga wenye nyuki. Tulipofika kwenye vishindo, visigino vitupu vikagonga mbao kwa pamoja, na jukwaa lenyewe likawa ngoma. Akina mama wa Mtabila walisimama. Mahadhi yale waliyajua, kwa maana Kiha na Kirundi ni ndugu, na wakapiga vigelegele, kisha wakaitikia kiitikio kwa maneno yao bila kuombwa na mtu. Ilibidi tukirudie. Mwalimu alikuwa anaongoza huku analia waziwazi.

Jaji mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliuliza kwenye kipaza sauti kama kuimba peku ni mila ya Kibondo.

Mwalimu alisita kidogo tu. "Tangu jana, mama," alijibu.

Tulipata nafasi ya pili. Wa Titye walipata ya kwanza, na ukweli ni kwamba walistahili. Ngoma yao ile hata mimi iliniingia. Zawadi yetu ilikuwa beberu mkubwa mweusi mwenye hasira.

Jioni watu wa Mtabila walikuja kutusalimia. "Amahoro!" walisema, yaani amani. Niliwajibu kwa Kirundi cha nyumbani kwa mama, na mzee mmoja wao akanishika mkono, akauliza, "Huyu si wetu huyu?" Kabla sijafungua mdomo, baba mkwe alisogea.

"Alikuwa wenu," alisema. "Sasa ni wangu. Ni mkwe wangu. Wa Kibondo."

Mzee wa Mtabila alicheka, akasema basi walipwe ng'ombe kwa kijana wao, baba mkwe akamwambia achukue beberu kama anamweza. Chakula kilipoletwa, ugali wa muhogo na dagaa kwenye sinia, baba mkwe alinawa, akakaa, akagonga mkeka kando yake. Nikakaa. Tulikula macho yakiwa kwenye sinia, maana aibu haiondoki siku moja, lakini dagaa wakubwa aliwasukuma upande wangu.

Tulirudi Kibondo siku iliyofuata, beberu amefungwa juu ya magunia ya chumvi, akilia kila bonde. Kanisani walikuwa wamekusanyika kutupokea. "Imbeni tuusikie huo wimbo!" walidai. Tukajipanga. Mwalimu akatoa sauti, tukafungua midomo, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mtupu. Tulikuwa tumeziacha sauti zetu Kasulu na njiani.

Akina mama walitazamana. Wiki zote zile walikuwa wakipita nyuma ya kanisa na ndoo za maji tukifanya mazoezi, na hatukuwa tumefikiri kwamba wanasikia. Mmoja akaanza sauti ya kwanza. Wengine wakaingia ya pili, ya tatu. Na mke wangu, mikono kiunoni, kidevu amekibana shingoni ili sauti ishuke, akaimba besi yote ya baba yake na yangu, bila kukosea hata neno, huku akitutazama sisi wawili na kujizuia asicheke.