Skii za Sare

Mimi ni mfupi, na skii zangu ni ndefu. Mtu anayejua mambo ya kuteleza thelujini akiziona nyuma ya mlango wangu hapa Hayes, ughaibuni, hujua mara moja kwamba hazikuchaguliwa kwa ajili yangu. Zilichaguliwa kwa ajili ya watu wawili, na mmoja wao hakuwa na nia.

Shoga yangu ni wa Mombasa, mimi wa Tanga. Tulijuana kwenye kiwanda cha kupakia vyakula vya abiria wa ndege, tukisimama bega kwa bega kwenye mkanda mmoja, tukifunika visahani vya wali kwa foili. Tangu siku hizo hatukuvaa tofauti kwenye shughuli yoyote. Iwe harusi, maulidi au arobaini ya mtoto, kitambaa chetu kilikuwa kimoja. Nikinunua doti ya kanga, kipande kimoja changu, kimoja chake. Binti yake alituita the twins, nami nilicheka kwa sababu mama yake ananipita kichwa kizima.

Mambo ya skii yalianza na tiketi za bure. Kiwandani walitugawia nafasi ya kwenda kwenye ukumbi wa theluji, ile ya kutengenezwa, ndani ya jengo. Wenzetu wengi waliwapa watoto wao. Sisi tulikwenda wenyewe, ushungi chini ya helmeti, tukaanguka mpaka makalio yakafa ganzi. Baada ya hapo ikawa kila tukipata off pamoja, tuko huko. Mteremko wa pale ni mfupi, ukijiachia kidogo tu umefika ukutani, kwa hiyo tulichojifunza ni kona fupifupi, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama sindano ya cherehani. Nilizipenda kona zile. Maisha yangu ya hapa nimepangiwa zamu na watu wengine, na pale nilikuwa nakata ninapotaka mwenyewe.

Ndipo tukaamua kwenda milimani kwenyewe, tena na skii zetu, si za kukodi zilizokwaruzwa na kila mtu. Dukani muuzaji alituuliza tutateleza wapi. Shoga yangu akajibu kwa niaba yetu sote: kwenye njia zilizosawazishwa na mashine, kona fupi, basi. Muuzaji akatuletea zilizo nyembamba katikati na pana kidogo mbele na nyuma. Alieleza kwamba wembamba ule huzifanya zilale upesi upande huu na upande ule, na umbo lake huchora duara dogo, hivyo kwenye theluji ngumu iliyosawazishwa kona fupi zinakuja karibu zenyewe. Ila kwenye theluji laini ya kina, alisema, zitazama. Nikaelewa. Ni kiatu cha kisigino chembamba, huendi nacho mchangani.

Kisha akataka kutupima, kila mtu na kimo chake. Zangu, alisema, zisipite kidevu, maana kona fupi zinataka skii fupi. Shoga yangu akakataa katakata. Sare ni sare, alisema, urefu mmoja na rangi moja, nyekundu yenye mstari mweupe. Muuzaji alitutazama kama watu wanaotaka kuvaa kiatu saizi moja kwa sababu ya mapenzi, na ndivyo tulivyokuwa. Tukachukua zinazomfaa yeye. Mimi zilinifika kwenye paji la uso.

"Tukifika huko juu," aliniambia tukiwa kwenye basi, "hata wazungu watajua sisi ni wamoja."

Neno lile nililiweka moyoni.

Hatukuzitumia. Nguo ya Idi haivaliwi kabla ya Idi, na sisi tuliziweka vivyo hivyo, zisubiri siku yake. Ukumbini tuliendelea kukodi. Nyumbani nilikuwa nikizitoa kwenye mfuko, nazifuta, nazirudisha. Katikati ya hapo mwenzangu akapandishwa cheo, akahamia ofisini ghorofa ya juu. Nilimfurahia kwa dhati, nikampikia biriani. Nikimuuliza skii zake, alisema ziko kabatini, salama. Nikimuuliza tunakwenda mlima gani, alisema nimwachie yeye, wenzake wa ofisini wanapajua mahali pazuri.

Tulipofika mlimani, hao wenzake wa ofisini walikuwa wameshatangulia. Hakuwa ameniambia kwamba watakuwepo. Asubuhi tulikutana sote kwenye chumba cha kuwekea skii, chini ya nyumba ya wageni. Nikafungua mfuko wangu kwa mbwembwe, nikazisimamisha nyekundu zangu ukutani. Naye akavuta zipu ya wake. Zikatoka skii nyeusi, pana kama mbao za kitanda. Nilidhani amechukua mfuko wa mtu kwa makosa. Nikainuka nimsaidie kuutafuta wake.

"Nilizi-exchange mwezi ule ule tuliponunua, shoga," alisema, ameinamia buti lake. "Hawa wenzangu wanakwendaga kwenye theluji ya kina. Nilijua nikikwambia utakuwa upset."

Miezi yote ile, kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Na mlima wenyewe ulikuwa umechaguliwa kwa ajili ya zile nyeusi. Njia iliyosawazishwa ilikuwa moja tu ya maana, nyuma ya nyumba ya wageni, wanapojifunzia watoto. Kila asubuhi yeye na wenzake walipanda juu, wakanipungia mkono. Mimi nilibaki kule nyuma nikikata kona zangu fupi, na zile skii ndefu zikanigomea mpaka mapaja yakawaka moto. Niliona uchungu ambao sijauona hata kwa ndugu. Nililia pia, na machozi ndani ya miwani ya theluji hayana pa kwenda. Mezani walicheka mambo ambayo sikuyaona. Nikaendelea kula. Mtu mzima akilia kwa sababu ya skii ataonekana amerukwa na akili. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe tuliikata pamoja.

Kiangazi kile binti yake aliolewa. Shoga yangu alikuja mwenyewe kwangu na kitambaa cha sare, kijani cha kung'aa, akakaa kwenye kochi, akanywa chai, akasema safari hii tutapendeza. Kuhusu mlima hakugusia hata neno. Nikamshukuru. Alipoondoka nikapanda treni mpaka Thornton Heath, kwenye duka alikokinunua, na mwenye duka akanibadilishia shingo upande. Nikatoka na cha zambarau.

Siku ya harusi, ukumbi wa kule Neasden ulikuwa kijani kutoka mlangoni mpaka jukwaani. Nikaingia na zambarau yangu. Akaja, akashika ncha ya mkono wa gauni kama anayetaka kuhakikisha rangi, akaniuliza kile kitambaa kiko wapi.

"Niliki-exchange," nikamwambia. "Nilijua nikikwambia utakuwa upset."

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu lile tangu kwenye treni. Nilingoja anijie juu. Macho yake yakajaa maji, akaniachia mkono, akarudi kwa wageni wake. Nilifurahi, nisidanganye, ingawa furaha yenyewe haikufika mbali.

Maana mpiga picha aliwaita wenye sare wote wasogee mbele, wamzunguke bibi harusi. Wakaanza kujipanga. Mmoja akanipa mkoba wake nimshikie, mwingine akaongeza wake. Shoga yangu alikuwa wa mwisho kupita. Akasimama kidogo mbele yangu, akautazama mzigo niliobeba, akanipa na wa kwake.