Wifi Alikuwa Ananitazama Mdomoni

Kila nikifungua chakula changu, wifi anavuta kiti, anakaa mbele yangu, ananikodolea macho mdomoni.

Yeye hali. Haongei. Anatazama tu ninavyotafuna.

Jamani, nyie mngevumilia?

Tulikuwa tunashona chumba kimoja, mimi na huyo dada wa mume wangu. Mezani kwake chupa ya chai tu. Anapiga funda, anafunga. Na kiuno kinapungua hicho, sketi zake nazipunguza kwa mkono wangu mwenyewe!

Wateja nao: "Fundi, mwenzako kapendeza! Wewe vipi?"

Mume wangu ndo kabisa: "Mwone dada alivyorudia usichana."

Roho iliniuma nusura nimeze sindano.

Nikasema, kumbe siri ni kunywa tu? Nikanunua chupa kubwa kuliko yake, nikajaza maji ya ndimu. Asubuhi ndimu, mchana ndimu, usiku ndimu na hasira.

Wiki haikuisha. Nipo nampima bibi harusi gauni lake, ukuta ukaanza kucheza. Nikashika kilichokuwa karibu.

Kilikuwa gauni.

Chraaa!

Nazinduka, kichwa kiko mapajani kwa wifi, bibi harusi anaangua kilio.

"Umekula nini leo?" wifi akaniuliza.

"Nakunywa tu. Kama wewe."

"Kama mimi? Kwani na wewe koo limebana?"

Nikainua kichwa. "Koo gani?"

"Wifi, chakula kigumu kinanikwama. Daktari kasema ninywe mpaka anipanue koo. Tena si ndimu! Maziwa, uji, supu ya nyama na maharage iliyosagwa ikachujwa, kidogo kidogo siku nzima. Uzito ananipima yeye, na kizunguzungu kikinishika nikimbilie kwake. Wewe kakupima nani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Si mtaa mzima ungejua kabla sijafunga mdomo!"

Hapo sikubisha.

"Na kunikodolea macho je?"

Akageuza uso. "Wivu. Ukitafuna zile karanga, natamani nikunyang'anye meno."

Gauni tulilishona upya pamoja, mimi nikiwa nimeshiba.

Koo lake lilipopanuliwa, na daktari kumruhusu kula, nilimpelekea mkate laini. Akatafuna taratibu, machozi yanamtoka.

Mimi nikavuta kiti, nikamkodolea macho mdomoni.

Mashosti, ukimwona mtu anakunywa tu, muulize kwanza anaumwa nini. Na wewe ukitaka kujaribu, anza kwa daktari, si kwa chupa.