Nyasi za Mwaka wa Mabati

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ya kiangazi kule Mpui, mwaka nilioolewa. Bwana maendeleo wa kata alitukusanya shuleni akasema kwamba mwenye kuta imara za matofali ya kuchoma, serikali itamchangia nusu ya mabati. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, nimepanda kutoka bondeni Milepa, na nilishajiona chini ya paa linalong'aa, ndugu zangu wakija kunitembelea.

Sasa, huku juu nyasi za kuezekea zina wakati wake. Unazikata mapema kiangazi, kwa sababu moto wa nyika ukishapita yanabaki majivu, na ukizikosa umezikosa mpaka mwakani. Kila kaya ilikuwa ikitoka na mundu. Mwaka ule watu walikaa. Nyasi za nini, na mabati yanakuja?

Alitoka mmoja tu, mama mkwe wangu. Kila asubuhi alikwenda na mundu wake, akarudi na mzigo kichwani. Niliona aibu, sikufichi. Kisimani waliniuliza kama mkwe wangu hakusikia tangazo. Nikamfuata nikamwambia, "Mama, watu wanatucheka. Nyasi zote hizi za kumpa nani?"

Hakukasirika. Alimaliza kufunga mzigo, ndipo akanitazama. "Mvua haikuwepo mkutanoni, mwanangu. Haijui tumeahidiwa nini."

Nilicheka. Ujana ni moshi, wanasema, na moshi ule nadhani ulikuwa umeniingia machoni.

Moto ukapita, nyika ikabaki nyeusi. Tukafyatua matofali, tukachoma, tukasimamisha kuta. Mvua zikaja, mabati hayajaja. Bwana maendeleo hakuwa mwongo. Alisema yamekwama njiani, na barabara za wakati ule ninyi mnazisikia tu. Mapaa yetu ya zamani yalikuwa yamechoka, yakavuja. Mbaya zaidi, matofali ya kuta mpya tulikuwa tumeyaunganisha kwa udongo, na ule udongo ukaanza kutiririka. Kuta zikianguka, hata hayo mabati hupati. Hapo kijiji kizima kilishika tama.

Mama mkwe akafungua mizigo yake. Hakumsema mtu. Aliita majirani akawagawia, kila kaya kiasi cha kuziba chumba kimoja na kufunika kuta mpya juu. Sisi tulibaki na kiasi kile kile cha wengine, na jiko lake likaendelea kuvuja. Nilipomuuliza kwa nini hakuanza na jiko, akasema, "Nikikauka peke yangu, moto nitaomba kwa nani?"

Msimu ule wote nililala chumba kimoja na mama mkwe, pamoja na kapu la mbegu za maharage. Mume wangu alikwenda kujibanza kwa rafiki yake, ananuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Lakini mimi, mwanangu, sijawahi kufundishwa mengi kama nilivyofundishwa mle ndani. Harufu ya zile nyasi naikumbuka kuliko harusi yangu. Ningepewa jioni moja ya kurudi, ningeirudia ya mle.

Mabati yalifika tumeshavuna. Wakaguzi walikuta kuta zimesimama. Na aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, kajifunga kitenge cha kanisani, ni mama mkwe.

"Mama, kumbe na wewe uliyataka?"

"Nani alikataa mabati? Nilikataa kulowa nikiyasubiri."

Leo umenijia hapa Sumbawanga na simu yako, unasema kuna ruzuku ya kukarabati nyumba inakuja, na unafuu wa kodi kwenye vifaa, kwa hiyo bati la jikoni kwetu liendelee kuvuja tu mpaka hapo. Sikukatazi kuomba. Nenda ofisi ya kata ukajiandikishe, uwe wa kwanza, ni haki yako. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Msaada humkuta vizuri mtu ambaye nyumba yake bado imesimama. Ziba linalozibika leo kwa ulicho nacho, na kikizidi, mtazame jirani.

Ngazi iko nyuma ya banda la kuku. Mungu akushike mguu ukipanda, akupe paa kavu, na asikunyime jirani wa kumwomba moto.